Kulea mbwa na paka wa watu ni ajira, lakini si kwa kila mpenda wanyama

KILA inapofika katikati ya Desemba, mitaa mingi ya Dar es Salaam huanza kupwaya. Mabasi ya Moshi na Arusha hujaa, magari madogo hupakia watoto na mizigo, na familia nyingi hufunga milango kwa wiki mbili au tatu kwenda kula sikukuu kwa wazazi. Wengine huondoka Juni shule zinapofungwa, wengine wakati wa Idi, na wapo wanaosafiri kikazi karibu kila mwezi.

Nyuma yao hubaki mbwa wawili wa ulinzi, paka wa watoto na pengine sungura bandani. Swali la nani atawalea hujibiwa dakika za mwisho, gari likiwa limeshawashwa. Mlinzi huachiwa fedha za unga na dagaa, au jirani huombwa apite kuwatupia jicho. Mwenye nyumba akirudi na kukuta mbwa amekonda au paka hayupo, hana wa kumuuliza, maana hakuna aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo ilipo nafasi ya ajira ambayo vijana wetu wengi hawajaitazama: kulea wanyama wa nyumbani kwa malipo, wenyewe wakiwa safarini. Nchini Marekani kazi hii imekuwa biashara kamili. Chama cha walezi hao, Pet Sitters International, kilianzishwa mwaka 1994. Kampuni ya Rover, iliyoanzishwa mwaka 2011 kuwaunganisha wenye mbwa na walezi kwa njia ya intaneti, ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone kwa takriban dola bilioni 2.3, katika mauzo yaliyokamilika mwaka 2024.

Hapa kwetu kazi hii bado ni ya mtu mmoja mmoja, na wateja wa mwanzo hutafutwa Masaki, Oysterbay, Mikocheni, Mbezi Beach na maeneo kama hayo, ambako wenye mbwa na paka husafiri mara kwa mara. Swali la makala haya ni moja: ni mtu wa namna gani anayeifaa kazi hii, na ajue nini kabla ya kupokea funguo za nyumba ya mtu?

Wengi watajibu haraka kwamba anatakiwa mtu anayependa wanyama. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Mwenye nyumba aliye Moshi au Dubai hanunui mapenzi. Ananunua macho yanayoona mambo asiyoweza kuyaona, na ulimi unaomweleza ukweli mapema.

Kazi zipo za aina tatu

Ya kwanza ni ya ziara. Mlezi hufika nyumbani kwa mteja mara moja au mbili kwa siku, hulisha, hubadilisha maji, husafisha, humtembeza mbwa na kuondoka. Ya pili ni ya kulala, ambapo mlezi huhamia nyumbani kwa mteja hadi atakaporudi. Ya tatu ni ya mlezi kumchukua mnyama na kukaa naye kwake.

Anayeanza ashike ya kwanza. Ya tatu inaonekana rahisi kwa kuwa haina nauli, lakini inahitaji uzio usiopitika, sehemu ya kumtenga mnyama mgeni, na familia iliyokubali. Mbwa akiwa ugenini hutafuta njia ya kurudi kwao, na paka hufanya hivyo zaidi. Paka wengi ni afadhali waachwe katika nyumba waliyoizoea, mtu awe anawafuata huko.

Somo kutoka kwa ng'ombe wa kulisha

Wafugaji wetu wana uzoefu wa muda mrefu wa kumkabidhi mtu mwingine mnyama. Kilimanjaro na sehemu nyingine nyingi ipo desturi ya mwenye ng'ombe kumpa ndugu au jirani amlishe. Mlishaji hupata maziwa na samadi, na mara nyingi sehemu ya ndama kwa makubaliano yao. Mwenye mali anaweza kukaa miezi bila kufika zizini, na bado akalala usingizi.

Kinachomlinda si wema wa mlishaji peke yake. Ng'ombe akikonda, maziwa hupungua, na wa kwanza kuumia ni huyo huyo mlishaji. Faida ya mmoja imefungwa kwenye afya ya mnyama sawa na faida ya mwingine.

Mbwa wa Mikocheni hana maziwa. Mlezi akiruka ziara ya jioni, fedha yake ni ile ile na amepunguza nauli. Mbwa hawezi kusema kwamba jana hakula. Katika uchumi hili ni tatizo la mwajiri asiyeweza kuiona kazi aliyoilipia, na ndilo linalofanya watu wengi wasite kutoa fedha nzuri kwa kazi hii. Wanajua wanaweza kulipia ziara 20 na kupata 12.

Kwa hiyo, mlezi anayetaka kulipwa vizuri lazima afanye kazi yake ionekane. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza, na inatangulia hata mapenzi kwa wanyama.

Uaminifu unaopimika

Kila mtu husema yeye ni mwaminifu. Mteja hawezi kulipia neno hilo hadi alione kwa vitendo. Njia rahisi ni daftari linalobaki nyumbani kwa mteja. Kila ziara iandikwe saa ya kufika na ya kuondoka, chakula kilichotolewa na kilichobaki, maji, choo, mkojo, na jambo lolote jipya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mnyama wa mtu ni mali.

Daftari liambatane na picha au video fupi inayotumwa kwa simu kila ziara, ikimwonyesha mnyama mwenyewe akiwa hai na amesimama. Picha ya bakuli lililojaa haisaidii. Kanuni iwe kwamba hakuna ziara inayokwisha kabla mlezi hajamwona kila mnyama kwa macho yake. Paka mwenye hofu hujificha chini ya kitanda siku mbili, na mlezi mvivu huandika 'yuko salama' kwa sababu chakula kimepungua, kumbe kimeliwa na paka wa jirani aliyepita dirishani.

Uaminifu mgumu zaidi ni ule wa habari mbaya. Mbwa ametoroka getini saa 12 jioni. Mlezi wa kawaida hutaka kumtafuta kwanza usiku kucha ili ampigie bosi akiwa na habari njema. Mlezi anayefaa hupiga simu ndani ya dakika chache, kwa sababu mwenye mbwa anajua nyumba ya shemeji ambako mbwa huyo hukimbilia, ana picha zake, na ana majirani wa kuwaamsha. Asiyeweza kusema 'mama, nimepotelewa na mbwa wako' aitafute kazi nyingine.

Kuna pia uaminifu wa funguo na mdomo. Mlezi anajua nyumba ipi haina watu, tangu lini na mpaka lini. Habari hiyo ina bei kwa wezi. Asiitaje kijiweni, asiweke picha za nyumba ya mteja kwenye mitandao, asije na rafiki, na funguo asizifunge kibandiko chenye namba ya nyumba.

Mwili mtulivu na jicho la kusoma

Mnyama husoma mwili wa mtu kabla ya kusikia sauti yake. Mtu mwenye haraka, anayepayuka na kurusha mikono, hatafanikiwa hata kama moyo wake ni mwema. Mbwa mgeni hasogelewi uso kwa uso huku ukimkazia macho. Simama kwa ubavu, nyamaza, mwache akunuse kwanza.

Wengi huamini mbwa akitikisa mkia amefurahi. Si kila mara. Mkia uliosimama wima ukitikisika kwa haraka, mwili umekaza na macho hayabanduki kwako, ni dalili ya kurudi nyuma polepole. Mbwa anayenguruma asipigwe kwa kunguruma, kwa kuwa anakupa onyo. Ukimfundisha kuacha onyo, siku nyingine atauma bila kutangaza. Kwa paka, masikio yaliyolala nyuma na mkia unaochapa huku na huku vinatosha kukuambia usimguse.

Mbwa wa ulinzi wanahitaji tahadhari ya pekee, maana wamelelewa wamkatae mgeni, na mlezi ni mgeni. Angalau mara mbili kabla ya safari mlezi afike mwenyewe akiwapo, awalishe kwa mkono wake, kisha aingie geti peke yake huku mwenye nyumba akiwa ndani. Kama mbwa hamkubali siku hiyo, hatamkubali mwenyewe akiwa ndani ya ndege. Kukataa kazi ya namna hiyo ni ujuzi, wala si woga.

Kila mtu ajijue pia kabla ya kuingia. Mwenye pumu au mzio wa manyoya atateseka. Waislamu wengi wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo. Anayeona hilo litamsumbua kazini anaweza kujikita kwenye paka, sungura na samaki, na soko lake lipo. Mwanamke mjamzito naye aachie wengine kazi ya kusafisha choo cha paka, kwa sababu ya ugonjwa wa toksoplasmosi unaoweza kumdhuru mtoto tumboni. Hata kwa asiye mjamzito, choo hicho kisafishwe kila siku, kwani vimelea vya ugonjwa huo huchukua siku moja hadi tano tangu mavi yatoke ndipo viweze kuambukiza.

Dalili ambazo hazisubiri kesho

Mlezi si daktari. Kutibu kuna wenyewe, waliosajiliwa chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kazi ya mlezi ni kugundua mapema na kumfikisha mnyama kwa daktari wa mifugo. Ili ajue kilichobadilika, lazima kwanza ajue hali ya kawaida. Siku ya makabidhiano aulize mnyama hula kiasi gani, hupata choo mara ngapi, hulala wapi, na ana maradhi gani ya zamani.

Joto la kawaida la mbwa na paka ni kama nyuzi 38 hadi 39.2, yaani juu kuliko la binadamu, hivyo kusema 'ana homa' kwa kumshika masikio ni kubahatisha. Fizi zenye afya huwa na rangi ya waridi, isipokuwa kwa wanyama wenye fizi nyeusi kwa asili. Ukizibonyeza kwa kidole hugeuka nyeupe, kisha rangi hurudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zilizopauka, uchovu, homa na mkojo wa rangi ya kahawa ni dalili za ugonjwa unaoletwa na kupe, na ukanda wetu una kupe wengi. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu huenda ana parvo, na hapo saa chache zina maana kubwa.

Kwa paka zipo dalili mbili ambazo wageni wa kazi huzipuuza. Ya kwanza ni dume anayeingia na kutoka kwenye choo chake cha mchanga, anajikaza na mkojo hautoki. Njia imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili. Ya pili ni paka aliyegoma kula. Mbwa mzima akisusa chakula siku moja kwa kumkumbuka bwana wake, mara nyingi hupona mwenyewe. Paka akikaa siku mbili au tatu bila kula, hasa mnene, ini lake linaweza kuharibika.

Joto la Dar es Salaam nalo huua. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema. Atembezwe saa 12 asubuhi au jioni jua likizama, kamwe si saa 7 mchana juu ya lami. Akianza kuhema kupita kiasi, mate mazito yakimtoka na miguu ikiyumba, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida mwili mzima, apepewe, na safari ya kwa daktari ianze.

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya fataki huwatia mbwa wengi wazimu wa hofu, wakaruka kuta ambazo siku zote hawakuziweza. Mlezi makini huwafungia ndani mapema jioni hiyo na kukagua geti mara mbili.

Dawa ya mbwa inayoua paka

Vifo vingi vya wanyama wa nyumbani vinaweza kuzuilika jikoni na kwenye kabati la dawa. Chokoleti, vitunguu, vitunguu saumu na zabibu, zikiwamo zabibu kavu za keki ya Krismasi, ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kuchoma utumbo. Mlezi asibadilishe chakula ghafla kwa sababu dukani kimekosekana. Mbwa aliyezoea ugali na dagaa akipewa ghafla chakula cha mfuko, au kinyume chake, ataharisha, na hakuna atakayejua kama ni ugonjwa au ni bakuli.

Paracetamol, dawa ambayo iko karibu kila nyumba, humuua paka hata kwa kidonge kimoja. Baadhi ya dawa za kupe za mbwa zina permethrin, ambayo mbwa huimudu lakini kwa paka ni sumu kali. Katika nyumba yenye mbwa na paka wanaolala pamoja, kumpaka mbwa dawa hiyo na kuondoka kunaweza kumuua paka. Wapo pia wanaochukua dawa ya kuogeshea ng'ombe wakaikadiria kwa macho na kumwogesha mbwa. Kipimo cha ng'ombe si cha mbwa, na mlezi asithubutu.

Kichaa cha mbwa hakina mjadala

Hakuna hatari kubwa kwa mlezi kuliko hii. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni kama hakupo. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu huzuilika kwa chanjo.

Kwa hiyo kadi ya chanjo ya mnyama ionwe kwa macho kabla ya kazi kukubaliwa. 'Alichanjwa, kadi imepotea' si jibu. Bwana mifugo yupo, achanjwe upya kabla ya safari. Mlezi akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kupunguza, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Anayefanya kazi hii kwa kudumu aulize hospitalini juu ya chanjo ya kujikinga kabla ya kuumwa. Ihesabiwe kuwa gharama ya kuanzisha biashara, kama fundi umeme anavyonunua glavu.

Hesabu ya nyumba moja na nyumba tatu

Sasa tuje kwenye mfuko. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, kila mmoja aweke za mtaa wake. Tuseme mlezi anatoza Sh8,000 kwa ziara ya saa moja, ziara mbili kwa siku, kwa siku 10. Hizo ni ziara 20 na mapato ya Sh160,000. Nauli ya kwenda na kurudi ni Sh3,000 kila ziara, jumla Sh60,000. Muda wa maongezi na bando Sh10,000, sabuni, glavu na mifuko Sh10,000. Kinachobaki ni Sh80,000.

Wengi huishia hapo na kufurahi. Lakini muda nao ni gharama. Kila ziara imekula saa moja ya kazi na dakika 40 za njiani. Kwa ziara 20 ni saa 33 na dakika 20, yaani mlezi amepata Sh2,400 kwa saa.

Chukua mlezi mwingine mwenye nyumba tatu katika mtaa mmoja. Mapato ni Sh480,000. Nauli ni ile ile Sh60,000, kwa kuwa kutoka nyumba hadi nyumba anatembea kwa miguu. Bando Sh20,000, vifaa Sh30,000. Kinabaki Sh370,000. Kila mzunguko unachukua saa tatu za kazi, dakika 40 za nauli na dakika 20 za kutembea, jumla saa nne, na kwa mizunguko 20 ni saa 80. Huyu amepata Sh4,625 kwa saa, karibu mara mbili ya mwenzake, na bei hajapandisha hata senti.

Somo lake ni kwamba mteja wa pili atafutwe jirani na wa kwanza. Mlezi wa Mbezi anayekimbilia kazi ya Masaki kwa sababu inalipa Sh2,000 zaidi anaweza kuziacha zote barabarani.

Mfano huo unaonyesha pia ukomo wa biashara. Nyumba tatu kwa mizunguko miwili ni saa nane kwa siku. Anayepokea ya nne na ya tano lazima ataiba dakika za mtu, na hapo ndipo paka asiyeonekana anapoandikwa kuwa yuko salama.

Kuna gharama nyingine isiyo kwenye hesabu. Anayezunguka nyumba tatu anaweza kubeba maradhi kwenye viatu. Virusi vya parvo hukaa miezi mingi katika mazingira. Mlezi awe na viatu vya kubadilisha au avisafishe kila atokapo. Aondoe uchafu kwanza, kisha apake jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, kwani jiki juu ya tope haifanyi kazi. Nyumba yenye mtoto wa mbwa iwe ya kwanza katika mzunguko, na yenye mgonjwa iwe ya mwisho.

Mlezi akumbuke vilevile kwamba soko hili lina msimu, kama la nyanya. Desemba ni neema, Februari ni ukame. Anayetaka kuishi kwa kazi hii aongeze shughuli za katikati: kutembeza mbwa wa wafanyakazi wanaorudi usiku, kuogesha, na kupeleka wanyama kwenye chanjo.

Andikianeni kabla ya kupeana funguo

Makubaliano ya mdomo huvunja urafiki. Karatasi moja inatosha, ikitaja tarehe, idadi ya ziara, bei, malipo ya awali na nani ananunua chakula. Muhimu zaidi ni kifungu cha dharura: daktari gani apigiwe simu, mlezi anaruhusiwa kutumia kiasi gani bila kuuliza, na ikiwa mwenyewe hapatikani, nani aamue. Mbwa akigongwa na bodaboda saa 2 usiku na mwenyewe yuko angani, mlezi asiye na kifungu hicho atabaki na mnyama mikononi na mfuko usio wake.

Karatasi hiyo itaje pia mipaka na watu wengine wa nyumbani. Mlinzi na dada wa kazi wakiwapo, nani analisha? Mbwa aliyelishwa na watatu huugua kwa kushiba, na aliyeachiwa watatu wategeane hulala njaa. Mlezi mwenye busara humsalimu mlinzi kwa heshima yake na kumweleza kazi yake tangu siku ya kwanza, kwa sababu ndiye atakayemfungulia geti na ndiye atakayemwambia kwamba mbwa alikohoa usiku.

Wa kuanza vipi

Vijana waliosoma afya na uzalishaji wa mifugo katika kampasi za LITA, kama Tengeru, Mpwapwa na Temeke, wana mtaji ambao wengi wao hawauhesabu. Wanajua kupima joto, kutambua kupe na kumshika mnyama bila kumwumiza. Asiyesoma huko anaweza kuomba kujitolea kwenye kliniki ya mifugo kwa miezi michache, akisafisha mabanda na kushika wagonjwa. Atajifunza kazi, na daktari huyo ndiye atakayempa wateja, kwani mwenye mbwa humuuliza daktari kabla ya kumuuliza mtu mwingine.

Kipimo cha kazi kipo na ni cha bure. Wataalamu wa ustawi wa wanyama hutumia uhuru wa aina tano, wenye chimbuko katika ripoti ya kamati ya Brambell ya Uingereza ya mwaka 1965. Mnyama awe huru dhidi ya njaa na kiu, dhidi ya usumbufu wa mazingira, dhidi ya maumivu na maradhi, dhidi ya hofu, na awe na nafasi ya kuishi kwa tabia yake ya asili. Mlezi ajiulize hayo matano kila anapofunga geti. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, hivyo kumtesa mnyama ni kosa, hata kama ni wa mtu mwingine.

Mteja wa kwanza asitozwe bei ya kutupa ili tu apatikane. Anayelipa Sh1,000 kwa ziara atatarajia kazi ya Sh1,000, na mlezi ataifanya hivyo. Afadhali kazi mbili za kwanza zifanywe kwa watu wanaomfahamu, kwa bei kamili, daftari likijazwa kila siku. Daftari hilo, kwa idhini ya wenyewe, ndilo litakaloonyeshwa kwa mteja wa tatu. Kizuri chajiuza.

Mwenye nyumba naye ana wajibu. Asitafute mlezi tarehe 20 Desemba, wala asimlipe mtu chini ya bei ya mfuko mmoja wa chakula cha mbwa kisha ategemee muujiza. Akitaka kujua kama amempata mtu anayefaa, amuulize swali moja tu siku ya kwanza: 'Mbwa wangu akifa mikononi mwako, utafanya nini?' Anayecheka na kusema haiwezekani, aagwe kwa adabu. Anayefikiri kidogo, kisha akajibu, 'Nitakupigia simu muda huo huo, na nitakuonyesha nilichoandika tangu asubuhi', huyo apewe funguo.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.